Kava ya Bunduki ya Shemeji

Jumatatu, 2 Julai 1979

Miguu sita ya kitanda leo. Wa saba ulipasuka kwenye fundo, nikautupa. Baridi imeingia mpaka kwenye gundi, haishiki kabla ya saa tisa.

Saa kumi akaja shemeji Eliakimu, ndugu yake Rasoa mke wangu. Na sare yake ya konstebo, kofia mkononi. Mara ya mwisho kufika hapa kibandani ni miaka miwili iliyopita, uwindaji ulipofungwa na duka la bunduki likanitoa. Siku ile nilikuwa napigilia stuli. Alisimama akatazama, akasema, "Shemeji, kumbe fundi wa wazungu naye anaweza kukalia vumbi kama sisi?" Akacheka mpaka akashika nguzo. Sijasahau. Miaka kumi na tisa nilichonga vitako vya bunduki mjini. Niliingia kama mfagiaji. Hakuna aliyenifundisha, niliiba kazi kwa macho. Halafu stuli.

Leo hakucheka. Mambo ni hivi. Wiki iliyopita yeye na mwenzake wa zamu, Wafula, walikuwa wakilinda godauni huko Industrial Area. Baridi. Wakawasha jiko, wakachoma mahindi. Bunduki yake aliiegemeza kwenye sanduku. Ikateleza, ikalala juu ya makaa. Walipoiona, kava ilikuwa imeungua. Kava ni kile kibao cha juu ya mtutu, kinachomkinga askari asiungue kiganja akipiga risasi nyingi. Inchi nne zimekuwa mkaa. Wakakwangua kwa kisu ili isionekane. Sasa ni mkaa na shimo.

Ana maonyo mawili kwenye faili, moja la ulevi, moja la kulala kazini. La tatu ni kutolewa. Ukaguzi wa silaha ni Jumanne tarehe 17. Siku kumi na tano.

Nilimwambia nitafikiria. Raia kushika bunduki ya polisi ni jela. Dukani tulikuwa na leseni ukutani. Hapa ukutani nina kalenda.

Jumanne, 3 Julai

Rasoa amepika nyama. Jumanne. Nikajua amezungumza na nduguye.

Hakuniomba. Alinisogezea bakuli tu, kisha akasema watoto wa Eliakimu wana kikohozi na ile nyumba ya kwota wanayopewa na polisi angalau ina saruji chini. Kazi ya mtu ikitoka, kwota anaitoka kwa siku kumi na nne. Yeye, mkewe Jerida, watoto wanne. Sita. Wataenda wapi? Hana shamba, kaka zake waligawana akiwa depo ya mafunzo. Watakuja kwangu. Chumba changu hapa Mbotela ni futi kumi kwa kumi na moja. Sisi ni wanne. Kumi. Futi kumi na moja za mraba kwa kila kichwa, na hapo sijaweka kitanda wala jiko.

Sitaki kumsaidia. Niliandika hiyo hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Nimemtumia neno: sawa.

Alhamisi, 5 Julai

Zamu yake sasa ni ya mchana, saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Karani wa godauni huenda kula saa saba, hurudi saa nane. Dakika sitini. Nilienda na kikapu cha fundi, kama mtu anayekuja kurekebisha mlango. Wafula akawa langoni.

Ni ile bunduki ya zamani ya mbao, ya tangu vita vya wazungu. Nimezichonga dazeni. Nilipoishika mikono ilijua kazi kabla yangu.

Ukanda wa mbele, ule wa chuma unaofunga mbao kwenye mtutu, ulitoka, skrubu moja tu. Shida ni kava yenyewe. Kwa ndani ina vibanio viwili vya chuma cha springi, kila kimoja kimekumbatia mtutu kwa miguu miwili. Ni lazima utanue miguu yote miwili pamoja, sawa kwa sawa, halafu uinue. Nafasi ya kuingiza ncha ni unene wa shilingi. Nilijaribu bisibisi mbili. Ukifungua upande huu, ule mwingine unauma. Mbao ikivunjika si hasara, imeshaungua. Hasara ni kibanio. Kikipinda, hakuna kingine Nairobi hii ila kwenye ghala lao wenyewe.

Dakika ya ishirini na tano nilisikia chuma kikilia. Nikaacha.

Eliakimu jasho linamtoka na baridi hii. "Shemeji, piga tu nyundo."

Nikamwambia nyundo apige nayo faili lake.

Nimechukua vipimo. Urefu inchi tisa na nusu. Upana wa nyuma inchi moja na robo na nukta. Mtutu pale kwenye kibanio, robo tatu ya inchi na unywele. Kuchonga kava mpya naweza. Ninachokosa ni chombo.

Na chombo hicho kipo. Nilikitengeneza mimi. Springi ya lori, tupa mbili zikaisha, wiki tatu za saa ya chakula. Ukibana mishikio, ncha zinatanuka badala ya kukaza. Kipo dukani.

Ijumaa, 6 Julai

Nilivaa koti. Nikaenda mjini kwa miguu ili nifike nimetulia. Sikufika nimetulia.

Duka sasa linauza fimbo za kuvulia samaki na viatu vya mpira. Mwenye duka amezeeka, mwanawe ndiye yuko kwenye kaunta. Alinikaribisha chai. Nikakataa chai. Chombo changu kiko palepale kwenye ubao, msumari wa tatu, kimeota kutu kwenye kiungo. Hakuna anayekitumia. Hawana hata bunduki moja ya kutengeneza.

Nilimwambia nataka kukichukua, cha springi za viti. Uongo mzuri.

"Fundi, hicho ni cha duka."

"Nilikitengeneza mimi."

"Ulikitengeneza ndani ya duka letu. Chuma yetu, tupa yetu, saa yetu."

Saa ya chakula, nikasema. Akatabasamu. Akasema saa ya chakula pia ililipwa. Akanipa mkono kama mtu aliyemaliza biashara.

Ningekiiba. Niandike hivyo. Kama angegeuka kuchukua simu ningekiiba. Hakugeuka.

Jumamosi, 7 Julai

Nimekata kipande cha bomba chenye unene wa ule mtutu, robo tatu na unywele, nikakivalisha kibanio cha bati la springi ya saa kuukuu. Ndiyo bunduki yangu ya majaribio. Mtu akiuliza ni bomba la maji.

Gereji ng'ambo ya Jogoo Road wana koleo la kutoa pete za gia. Nalo hutanuka ukilibana. Fundi wao aliniazima kwa nusu saa huku akiniangalia kama mwizi. Ncha zake ni nyembamba kama sindano. Zinaingia, lakini ukibana zinapinda. Nikazinyoosha nikamrudishia. Aliona. Sitaazimwa tena.

Gikomba nilizunguka saa tatu. Wafua chuma wana kila kitu cha kukaza. Cha kukamata, cha kukata, cha kuponda. Mmoja aliniuliza, "Wewe unataka koleo linalokataa kazi?" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, nikitaka waendelee kutafuta. Hawakupata.

Siku kumi zimebaki.

Jumapili, 8 Julai

Sikuenda kanisani. Rasoa hakuuliza.

Chini ya kitanda nilikuwa na kipande cha walnati kutoka siku za dukani, mbao ya Ulaya, rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Nilikiweka miaka minne bila kujua cha nini. Leo nimekitoa. Kilipopata patasi harufu yake ikajaa chumba. Nilifunga mlango.

Nimechonga kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Randa ndogo, kisha kipande cha chupa, kisha msasa, namba tatu tofauti. Mistari ya mbao inakwenda moja kwa moja kutoka mbele mpaka nyuma, haikatiki popote. Unene sawa pande zote, nimepima sehemu nane.

Miaka miwili nimepigilia misumari kwenye mbao za masanduku. Nilikuwa nimesahau mimi ni nani. Sikumfikiria Eliakimu hata mara moja mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Julai

Nimejaribu kutengeneza chombo kingine. Tupa kuukuu, nikaipasha moto, nikaipinda, nikachonga ncha, nikaizamisha kwenye mafuta. Kwenye bomba kilifungua kibanio mara ya kwanza. Mara ya pili kikalia kama kijiti. Vipande viwili.

Makaa haya hayana joto la kutulia, la kupunguza ugumu wa chuma pole pole kisivunjike. Dukani tulikuwa na tanuru.

Rasoa ameuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia tatizo ni nduguye. Akaondoka na ndoo kuteka maji, na ilikuwa imejaa tayari.

Siku nane.

Jumatano, 11 Julai

Nilipeleka stuli mbili Mowlem kwa Mama Njambi. Ni mjane, anafuga kondoo pembeni ya makazi, upande wa mto. Mumewe alikuwa mtunza mifugo kwenye shamba la mzungu, na mzungu alipouza akamwachia vyombo. Nilimkuta ameketi juu ya kondoo dume. Kweli. Amemkalia. "Fundi, umekuja wakati mzuri. Shika miguu."

Nikashika miguu.

Akatoa chombo mfukoni mwa aproni. Nikaachia miguu. Kondoo karibu amtupe.

Koleo. Mishikio miwili, mbele meno manne madogo ya chuma. Unavalisha juu ya meno pete ya mpira nene. Unabana, meno yanatanuka, yote kwa pamoja, sawa kwa sawa. Unapitisha pete mahali pake, unaachia. Baada ya wiki chache dume si dume tena.

Nilimwomba aniazime. Akaniuliza una kondoo wewe? Nikasema hapana, ni kwa kazi ya kitanda.

"Kitanda gani hicho chenye mapumbu?"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nahesabu upana wa meno. Nikamwambia ukweli nusu: nitayakata meno mawili kati ya manne, na koleo halitafaa tena kwa kondoo. Hapo akaacha kucheka. Akafikiri. Akasema amebakiwa na madume watatu, tuwamalize leo, kisha nimtengenezee mlango wa zizi wenye bawaba, si wa kufunga na kamba. Nikakubali. Tukawamaliza. Nina alama ya kwato kwenye paja.

Miaka yote hii mjini, na chombo kilikuwa mfukoni mwa mwanamke wa kondoo.

Alhamisi, 12 Julai

Meno mawili yamekatwa. Mawili yaliyobaki nimeyapunguza kwa tupa mpaka unene wa shilingi, nikayapinda kidogo kwa nje kama kucha. Chuma chake ni kizuri, kigumu bila ubishi.

Kwenye bomba: mara ishirini. Mara ishirini kibanio kimefunguka sehemu ya nane ya inchi, kikatoka, kikarudi bila kupinda. Nimepima kila mara.

Kava imepata mafuta ya linsidi, yale ya kulisha mbao, mara ya nne. Inang'aa kutoka ndani.

Ijumaa, 13 Julai

Imetoka.

Niandike dakika. Ukanda wa mbele, mbili. Kava, saba. Meno yaliingia pande zote, nikabana, nikasikia ule mlio mdogo, ikanyanyuka mkononi mwangu kama kifuniko cha sufuria. Kutoboa ribiti nne na kuhamisha vibanio kwenye kava mpya, ishirini na mbili. Kurudisha, saba. Thelathini na nane kwa jumla. Karani alirudi na kumkuta Eliakimu amesimama mlangoni na bunduki begani, mimi napaka mafuta bawaba.

Ilikaa mahali pake bila hata unywele wa nafasi. Kiwandani kwenyewe hawakuiweka hivyo. Nasema hivyo nikijua ninachosema.

Kitu kimoja. Kabla sijatoka, Eliakimu aliitazama akakunja uso. "Shemeji, inang'aa sana. Zile zingine ni nyeusi. Tuipake masizi ya jiko." Alikuwa ameshachovya kidole. Nikamwambia asithubutu. Mafuta bado ni mabichi, masizi yatamgandia mkaguzi mkononi na hapo ndipo ataanza kuuliza. Akafuta kidole kwenye suruali. "Wewe ndiye fundi," akasema.

Kava ya zamani nimekuja nayo ndani ya kikapu. Rasoa amenichemshia chai.

Jumapili, 15 Julai

Kanisa. Nimeimba. Jerida alikuja na watoto wanne, akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo. Sikuzoea hivyo kutoka kwake. Rasoa amekuwa akicheka tangu Ijumaa.

Baadaye nimeanza mlango wa Mama Njambi.

Jumanne, 17 Julai

Ukaguzi leo. Nimesubiri habari kibandani. Hakuna aliyekuja.

Nimepiga misumari vibaya. Mitatu imepinda.

Jumatano, 18 Julai

Jerida alifika saa mbili asubuhi, bila viatu. Eliakimu amefungiwa kituoni.

Wafula ndiye aliyemwambia, naye alikuwa mstarini. Bunduki arobaini zimelazwa juu ya mablanketi, safu mbili, kila konstebo nyuma ya yake. Afisa alikuwa anapita tu, mikono nyuma, karibu bila kutazama. Alipofika kwa Eliakimu akasimama. Kava thelathini na tisa nyeusi kama sufuria, na moja inang'aa kama kabati la waziri. Akaiokota. Akauliza imetoka wapi. Eliakimu akasema ghalani. Sajini wa ghala akafungua kitabu. Hakuna kava iliyotolewa mwaka mzima.

Sasa wanauliza nani aliishika. Silaha ya serikali imefunguliwa nje ya serikali. Si onyo la tatu tena, ni kesi.

Rasoa anasema ni Wafula. Ameuza habari ili apate cheo. Jerida pia anasema ni Wafula. Nilikaa hapo katikati yao na kikombe.

Wafula hakuuza chochote.

Niandike ukweli hapa kwa sababu hapatakuwa na mahali pengine. Masizi yangeshika. Masizi na linsidi hushikana ndani ya siku moja, na kulikuwa na siku nne. Dukani nilizeesha kava za wateja hivyo mara hamsini, mtu apate kipande kipya kisichoonekana kipya. Najua kiasi. Kijiko kimoja cha masizi, matone sita. Nilidanganya. Sikutaka ipakwe. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli katika miaka miwili na sikutaka ifanane na zile zingine. Nilitaka mtu aione.

Akaiona.

Alhamisi, 19 Julai

Nimekaa nikiwasubiri. Kila Land Rover barabarani ni yao. Koleo nimelizika kwenye maranda. Halafu nikaona ni upuuzi, nikalitoa, nikalirudisha.

Jana nilidhani ningeenda kituoni kusema ni mimi. Leo nimefika mpaka kwenye kona ya Jogoo Road. Nina watoto wawili. Nikapiga hesabu. Mimi jela, Rasoa na wawili, Jerida na wanne, na Eliakimu kazi haitarudi vyovyote. Hesabu inasema rudi nyumbani. Hesabu ni sahihi. Nimerudi. Mimi ni mwoga mwenye hesabu sahihi.

Jumamosi, 21 Julai

Wamemwachia. Hawakupeleka kesi mbele, afisa hakutaka wakubwa wajue silaha yake ilifunguliwa nje. Wamemfukuza tu. Tu.

Amekuja moja kwa moja hapa kibandani. Jicho moja limefungwa. Anashika ubavu akikaa. Siku nne walimuuliza jina. Aliwaambia aliinunua kava kwa mtu wa sokoni asiyemjua, akaivalisha mwenyewe. Walimuuliza aliitoa na chombo gani. Akasema bisibisi. Walijua ni uongo, kwa sababu mtutu haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Sikukutaja, shemeji. Usiwe na wasiwasi."

Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mwenzake mvua imekatika. Mtu huyu ambaye nimemchukia miaka miwili kwa kicheko kimoja.

Nikamletea maji. Hilo ndilo nililofanya.

Jumanne, 31 Julai

Barua ya kwota. Kutoka ifikapo tarehe nne.

Nimempelekea Mama Njambi mlango wake. Bawaba mbili, kitasa cha mbao. Aliufungua na kuufunga mara kadhaa akafurahi. Aliuliza kile kitanda kilitoka salama. Nikasema kilitoka salama.

Jumamosi, 4 Agosti

Wameingia. Mkokoteni mara mbili. Kitanda chao hakikupita mlangoni, nimekikata miguu.

Kumi.

Jerida na Rasoa wanaongea kwa sauti ya chini siku nzima kama watu walio hospitalini. Eliakimu ametundika kofia yake ya konstebo kwenye msumari, hawakumdai, kisha akaitoa akaiweka chini ya godoro. Watoto wamelala kichwa kwa miguu. Mdogo wake anakohoa kila dakika nne au tano.

Jana nilikutana na Wafula sokoni. Alinisalimia. Nikapita. Rasoa alikuwa nami, angeshangaa kama ningesimama. Wafula alibaki na mkono wake hewani. Hiyo nayo niiandike.

Jumapili, 12 Agosti

Baridi imepungua. Wote wameenda kanisani isipokuwa mimi na Eliakimu. Bado ubavu unamsumbua, hawezi kukaa kwenye benchi muda mrefu.

Tumegawanya chumba. Mbao za masanduku, futi sita na nusu kwenda juu, zisiguse dari ili hewa ipite. Futi tano na nusu upande wao, tano na nusu upande wetu. Nilimtaka apate sita. Akakataa, akasema mwenye nyumba hawezi kubanwa. Tukagawa sawa.

Anashika vizuri. Mkono wake hautetemeki mbao ikikatwa, na si wengi walio hivyo. Tulikata ubao baada ya ubao. Msumeno tu.

Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Shemeji, ile kava. Ilikuwa kazi nzuri kweli?"

Nilisimamisha msumeno.

"Kwa sababu yule afisa," akasema, "kabla ya kuuliza chochote, aliishika. Akapitisha kidole gumba kutoka mbele mpaka nyuma. Halafu akarudia. Hata nikasahau kuogopa. Nikasema moyoni, huyo ni shemeji yangu."

Nilikuwa na neno, la yale masizi. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasogeza mkono mbele kidogo, akaubana ubao. Zilibaki mbao tisa. Tukaendelea kukata.